Orodha ya Vijana

Yule dada alitoka Mpanda mjini na bodaboda, ana daftari la jalada gumu na sauti tamu kupita kiasi. Sauti ndiyo iliyonitia shaka. Mtu wa serikali akikuita mama mara tatu kabla hajakaa, jiulize anataka nini.

"Mama, hapa kwako kuna kijana asiyesoma?"

"Hakuna," nikasema. Mwanangu Fabrice alikuwa amejibanza ndani ya banda la tumbaku.

Msinicheke kwanza. Wazazi wangu walitoka Burundi, na sisi kuandikwa tunakujua. Baba aliandikwa, akapewa mahali pa kuishi. Akaandikwa tena, akaambiwa asitoke bila kibali. Uraia tumepata, lakini kalamu bado naiogopa. Tena mwezi wa nne Fabrice alikamatwa na gunia la mkaa usio na kibali, akalala mahabusu siku tatu.

"Unawaandika wa nini?"

"Fedha zipo za jengo moja tu, mama. Ama karakana ya kufundisha vijana useremala na kushona, ama kituo cha polisi chenye mahabusu. Wakipatikana vijana wa kutosha, ni karakana."

Karakana! Polisi wakitaka orodha ya wachoma mkaa, wangetumia uongo gani mwingine? Alipoondoka nilikata njia ya mashambani nikamtangulia. Kwa Immaculata nikasema ficha. Kwa Lyamba, Msukuma mwenye ng'ombe, nikasema, "Nyie, pelekeni vijana wote malishoni, wasionekane." Mchana kijiji kizima hakikuwa na kijana hata wa dawa. Nilijiona mjanja, sifichi.

Baada ya miezi miwili tuliitwa mkutanoni. Mwenyekiti wetu, Sixte, akasoma barua, yule dada ameketi kando yake. Vijana walioandikwa walikuwa wanne, na wanne hawatoshi karakana. Kitajengwa kituo cha polisi.

Nikasimama. "Muongo huyu dada! Vijana hapa wamejaa!"

Watu wote wakanigeukia. Dada hakukasirika.

"Najua, mama. Kila nyumba niliona suruali zao zimeanikwa kwenye kamba. Lakini siwezi kuandika suruali."

"Basi andika sasa. Fabrice, miaka kumi na saba."

"Orodha imeshafungwa, mama."

Immaculata alinitazama, kisha akatazama chini. Lyamba akatema mate pembeni. Hata leo kuna siku najiambia walikuwa wameshaamua zamani, kwamba orodha ilikuwa geresha tu. Nataka sana iwe hivyo.

Fabrice alipata kibarua hapohapo. Anachimba msingi wa mahabusu, analipwa kwa siku. Akirudi jioni namwekea maji ya kuoga, anasema asante mama, anakula, analala. Hajanilaumu hata mara moja. Heri angenilaumu.