Chakula Kilitosha

Mimi ni mpishi wa yoti, boti ya matanga, na watu wa kijijini kwetu Ruanda hawajanielewa mpaka leo. Mtu wa Mbozi, mtoto wa kahawa na mahindi, anatafuta nini baharini? Nimechoka kuwajibu. Nilikwenda kwa sababu kazi ilikuwepo, basi.

Boti ni ya Mholanzi mmoja na mkewe. Mume tunamwita Kapteni. Tunapita Tanga, Pangani, Mafia, Kilwa, Mtwara, kisha tunarudi tulikotoka. Chumba changu cha kupikia ni chembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Jiko lenyewe limefungwa kwa bawaba, boti ikilala upande linabaki wima. Vyombo naosha kwa maji ya chumvi, nasuuza kwa kikombe kimoja cha maji ya kunywa. Mayai nayageuza kila baada ya siku mbili yasiharibike. Na mpishi ndiye anayejua boti inaweza kukaa siku ngapi bila kugusa bandari. Upepo ni wa Kapteni, chakula ni changu.

Krismasi nilipokuwa nyumbani, nilimwandikia baba bandari zote na siku za kufika, kwenye karatasi ya daftari. Akaibandika ukutani pembeni ya kalenda ya kanisa. Kati ya bandari na bandari simu hazishiki, kwa hiyo nikifika tu napiga, naye anaweka tiki kwa penseli. Mzee Anania, baba yangu huyo, alikuwa anawatangazia majirani niliko kana kwamba yeye ndiye ameshika usukani.

Safari ile tulitakiwa Kilwa Jumanne. Jumatatu tulikuwa tumetia nanga kwenye kisiwa kidogo, maji yametulia mpaka unaiona nanga ilivyolala chini. Kapteni akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Tusekile, chakula natosha siku mbili tena?" Nikafungua masanduku, nikatazama kabichi, unga, mayai. Nikasema kinatosha. Nisidanganye, nilifurahi. Na mimi nilitaka kupumzika. Jioni nikakaanga samaki changu, tukala tunacheka.

Alhamisi asubuhi tukiingia Kilwa, simu ikaanza kulia mfululizo mfukoni mwa aproni. Zilikuwa meseji za mdogo wangu Gwamaka, zimefuatana. Jumamosi: baba amezidiwa. Jumapili: baba ametutoka. Jumatatu: mama anasema kesho unafika Kilwa, tunakusubiri. Jumanne: dada, washa simu. Jumanne tena: wewe ndiye mkubwa, udongo wa kwanza kaburini ni wako. Jumatano: tumezika saa tisa.

Nikasoma zote, nikarudisha simu mfukoni, nikamaliza kuosha sufuria. Sikusikia chochote moyoni. Najua mtu atanionaje, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikapanda mabasi siku mbili. Kwetu, mtoto aliyekuta kaburi anaanza kulia tangu njia panda, wanawake wasikie watoke kumpokea. Nilifika njia panda nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikaendelea kutembea. Lakini ukikaa botini wiki tatu, nchi kavu nayo inayumba, hata siku kadhaa baada ya kushuka. Niliingia uani napepesuka, nikashika uzio nisianguke. Wanawake wakasema uchungu umemlegeza mtoto wa watu. Shangazi Ferista akanishika kiuno, wakaangua kilio, wakanililia mpaka wakachoka. Nilitaka kuwaambia jamani, hii ni bahari tu. Nikawaacha. Nilikuwa nawaza jambo moja, mama akiniuliza nilikuwa wapi nitamjibu nini.

Kesho yake asubuhi mama aliniita ndani. Karatasi ilikuwa bado ukutani. Pangani ina tiki, Mafia ina tiki, Kilwa hakuna.

"Tulikaa na baba yako mpaka Jumatano," mama akasema. "Ungepokea simu tungesubiri hata wiki, mchungaji alishakubali. Watu walinung'unika. Nikawaambia bahari imechafuka, mwanangu hawezi kuchelewa bure." Akanitazama. "Ilichafuka?"

Ningesema ndiyo, nani Ruanda nzima angenibishia? Bahari yenyewe wanaiona kwenye televisheni.

"Hapana, mama. Ilikuwa shwari. Kapteni aliniuliza kama chakula kinatosha, tukae siku mbili zaidi. Nikasema kinatosha."

Mama akaipangusa kalenda kwa upindo wa kanga, ingawa haikuwa na vumbi.

"Na kilitosha?"

"Kilitosha, mama. Kilibaki."

Nilitamani anipige. Akachukua penseli ya baba juu ya kabati, akaweka tiki kwenye Kilwa, akatoka kwenda kuwagawia wageni uji.