Moshi Usiohesabiwa

Jumatatu saa mbili asubuhi, mpimaji wa mfuko wa pensheni za walimu alikuwa akichonga penseli wakati moshi ulipoingia mapokezi. Katibu aliuandika kwenye kitabu cha wageni, akauonyesha benchi. Ulikuwa mweusi, mnene, wa kimo cha mtu mzima, nao ulikaa bila kumsumbua yeyote.

Kazi ya mpimaji ilikuwa kuzikagua kampuni ambamo mfuko umewekeza, na kusema kama uwekezaji huo unaendana na malengo ya kuzuia dunia isizidi kupata joto. Kampuni kubwa kuliko zote ilichimba makaa ya mawe. Wiki iliyopita aliipima kwa utaratibu wa ofisi: akahesabu moshi wa malori na jenereta za mgodini. Makaa yenyewe hakuyahesabu, kwa kuwa yanachomwa na mnunuzi, na moshi wa mnunuzi ni wa mnunuzi. Kampuni ikapata alama themanini na mbili kati ya mia, na mfuko ukapata muhuri wa kijani, wa uwekezaji usiochafua hewa.

"Mzee, una mgeni," alisema katibu. "Anasema ulimtoa kwenye hesabu."

"Mwambie nina kikao."

"Nimemwambia. Anasema hana pa kwenda."

Meneja alipita akakohoa. "Mwacheni," alisema. "Mwaka kesho tutakuwa tumemzoea."

Jioni moshi ulimfuata mpimaji nyumbani, hatua tatu nyuma yake. Aliishi na dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kifua cha dada kilikuwa kibovu kwa chaki ya miaka thelathini. Hata hivyo aliuvutia moshi kiti.

"Karibu, jisikie nyumbani. Mdogo wangu, huyu nani?"

"Mtu wa kazini, dada."

"Mbona mweusi hivi, kazini kwenu hakuna maji?" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Ijumaa tunapiga kura, pensheni yetu itoke kwenye makaa au ibaki. Nipe neno moja tu. Ule muhuri ni wa kweli?"

"Tulipima kwa utaratibu."

"Sijakuuliza utaratibu."

Mpimaji alitazama kitambaa cha meza. "Ni wa kweli, dada."

Moshi ulinenepa kidogo, ukagusa dari. Dada aliinuka kufungua dirisha.

Ijumaa ukumbi ulijaa wastaafu; mpimaji aliketi mbele, karibu na mwenyekiti wa mkutano. Moshi ulikaa kando ya dada, naye akausogezea mkoba wake upate nafasi. Mwalimu wa fizikia, waliyemwita Rula, alisimama.

"Wachimba makaa wamepata themanini na mbili? Mimi mwanafunzi wa hivyo ningemrudisha nyumbani aje na mzazi wake!"

Ukumbi uliangua kicheko. Dada alisimama, leso mdomoni, akasubiri kikohozi kipite.

"Mzazi wake ni mimi, Rula. Aliyepima ni mdogo wangu. Nimemlea kwa mikono hii, na hajawahi kunidanganya."

Kicheko kilikatika. Rula aliomba radhi. Mikono ikainuka safu kwa safu, na pensheni ikabaki kwenye makaa. Moshi haukuulizwa, kwa kuwa haukuwa mwanachama.

Mwenyekiti akamsogezea mpimaji kipaza sauti, kama ana neno kabla kura haijaandikwa. Kutoka safu ya tatu dada alimtazama, macho yakimtoka machozi kwa moshi, akitabasamu.

Mpimaji alikipuliza kipaza sauti kuona kama kinafanya kazi. Kilifanya kazi vizuri. Akawashukuru wote kwa kuhudhuria.