Jina la Huillinco

Manowari zina kiburi, nyie acheni tu. Zinapita na mizinga yake na bendera zilizonyooshwa, zinajiona ndizo zilizoumba bahari. Lakini ngoja tangi likauke! Hapo zinakuja pole pole, zinajisogeza ubavuni mwa meli ya mafuta na kuomba zinyonyeshwe kama mtoto mwingine yeyote. Na katika bahari ya Chile, kuanzia Arica hadi kule chini kwenye barafu, iliyoombwa kwa miaka thelathini na mitano ni Huillinco, meli nene, taratibu, isiyo na mzinga hata mmoja.

Sasa ilikuwa inastaafu. Barua ilifika bandarini Talcahuano Jumatatu: Ijumaa bendera itateremshwa, kisha meli iende kukatwa vyuma. Meli mpya ya mafuta ilikuwa njiani, na jina lake halijaamuliwa. Desturi ni kwamba mpya hurithi jina la kuukuu endapo kuukuu ina tendo la kukumbukwa. Ikiwa haina, basi, wanachagua jina la mkubwa fulani aliyekufa zamani. Na faili la Huillinco makao makuu lilikuwa na ukurasa mmoja na nusu: imejengwa lini, imetembea maili ngapi, imepakwa rangi mara ngapi.

Kamanda Goycolea, nahodha wake, alimwita serahangi, yule anayesimamia mabaharia wote wa sitaha. Jina lake Eleodoro Maripán, na alikuwa na miaka ishirini na minane ndani ya meli ile.

"Serahangi, andika historia," Kamanda alisema. "Ukurasa mmoja. Utaisoma mwenyewe Ijumaa mbele ya Admirali Undurraga. Yeye ndiye atakayeamua jina."

"Undurraga?" Eleodoro aliuliza. "Yule Undurraga, mkuu?"

"Yuleyule. Na karatasi utaitia sahihi kwamba ni kweli tupu. Kwa hiyo usiniletee nyangumi wanaoongea."

Eleodoro alitoka akiwa ameshika kichwa. Alikuwa anaipenda meli ile, na wala hakuona haya kusema. Watoto wake watatu walizaliwa yeye akiwa ndani yake, habari zikamfikia kwa redio, na mara zote tatu honi ikapigwa baharini mpaka ndege wakatawanyika. Kukatwa vyuma alikwisha kukubali, chuma ni chuma. Lakini jina nalo lipotee? Hilo lilimchoma.

Alishuka chumba cha kulia akawauliza wenzake tendo la kukumbukwa ni lipi. Angejua asingeuliza.

"Andika tulipigana na manowari ya kigeni tukaishinda," alisema Nahuelcura, fundi wa mitambo.

"Kwa silaha gani, wewe?"

"Kwa harufu ya soksi zako, serahangi."

Watu walicheka mpaka vijiko vikaanguka. Sajini Nolfa Cárcamo, mwokaji mikate, mwanamke mpana wa mikono na mpana wa ulimi, alikuwa anakanda unga mezani bila kuinua uso.

"Andika mkate," alisema.

Alikuwa na maana yake. Kwenye Huillinco kamba ya kwanza ikishashikwa na manowari, kitu cha kwanza kuvuka si mafuta. Ni gunia la mkate wa moto, umetoka jikoni dakika hiyo. Hakuna amri iliyoandikwa, ila hakuna manowari iliyowahi kuondoka bila mkate ule, iwe mvua, iwe jua.

"Nolfa, dada yangu, nani atarithisha jina kwa sababu ya mkate?"

"Basi andika siku ya Isla Mocha."

Nahuelcura alianza kuchungulia kikombe chake.

Siku ya Isla Mocha ilikuwa miaka ishirini na miwili nyuma. Mashua mbili za wavuvi wa mji wa Lebu zilikuwa zinazama kwenye dhoruba karibu na kisiwa hicho, na manowari pekee iliyokuwa karibu ilikuwa imebakiwa na mafuta kiduchu. Huillinco iliyageuzia mawimbi ubavu, ikaiita manowari, ikainywesha kwa muda wa saa saba. Bomba lilikatika mara mbili, mara mbili wakaliunga upya, maji yakiwafika kifuani. Manowari ilishiba, ikaenda, ikawaokoa wavuvi kumi na mmoja. Wote hai! Manowari ikapewa nishani. Huillinco ikapewa rangi mpya.

Kama kuna tendo, ndilo hilo. Shida ilikuwa namna lilivyoanza.

Kamba ya kwanza hurushwa kwa bunduki, imefungwa kwenye risasi ya mpira. Sheria yake mtoto angeielewa: anayerusha anapiga filimbi moja kuonya, na harushi mpaka aliye upande wa pili ajibu kwa filimbi mbili, maana yake watu wetu wamejificha, haya, rusha. Siku ile mrushaji alikuwa Eleodoro, kijana mwenye sifa na jicho kali. Alipiga yake moja. Akangoja. Mawimbi yanapanda, manowari inasogea na kukimbia, na wenzake nyuma wanamwambia leo utakosa, bwana mkubwa. Akaona nafasi, akarusha bila kujibiwa. Kamba ilitua barabara. Ila njiani risasi ilipitia kichwani kwa luteni mmoja aliyesimama wazi sitahani, ikachukua kofia yake na kuitupa baharini. Ingeshuka kidogo tu, ingechukua zaidi ya kofia.

Luteni huyo alikuwa Casimiro Undurraga. Uchunguzi ulipofanyika meli nzima iliapa kwamba kofia ilichukuliwa na upepo, na kitabu cha meli kikaandikwa upepo. Undurraga akapanda cheo baada ya cheo, akawa Admirali, mtu anayesemekana aliwahi kumweka mtu ndani siku tatu kwa ajili ya kifungo cha koti.

Usiku Eleodoro alimweleza mkewe, Herminda, wakinywa jikoni ile chai chungu iitwayo mate. Nikiiacha siku ile hatuna tendo, alisema. Nikiisoma na upepo wake, natia sahihi uongo. Nikisema kweli, Admirali atakasirika, jina litakwenda, na mimi nimebakiza miezi miwili nistaafu.

"Na wanaojua ni wangapi?"

"Meli nzima. Na nusu ya Talcahuano."

"Sasa hapo kuna siri gani, mume wangu?" Herminda alimvuta sikio. "Mtu mzima, mvi kichwani, unataka meli mpya ivae jina lililosimama juu ya uongo wako. Njia ya mwongo fupi. Andika, ulale."

Akaandika. Kulala ndiko hakukuwezekana.

Ijumaa asubuhi mvua ilikatika, jua likawaka juu ya gati. Familia zilijaa, bendi ya wanamaji ilipuliza, watu wanakula empanada, sambusa kubwa za nyama, zinawachuruzika mikononi. Admirali Undurraga aliketi mbele, wima, kofia imekaa sawasawa. Eleodoro alipanda jukwaani na karatasi yake.

Alisoma mkate kwanza, Nolfa asije akamuua. Akasoma siku ya Isla Mocha, dhoruba, mashua. Halafu akafika penye kamba. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, alijiambia, akaendelea.

"Kamba ilirushwa kabla ya kujibiwa kwa filimbi mbili. Ilimvua kofia Luteni Undurraga, na ingeweza kumuua. Kitabu kinasema ni upepo. Haukuwa upepo. Ni mimi, Eleodoro Maripán. Wenzangu walinilinda, na mimi nikanyamaza miaka ishirini na miwili. Naomba radhi. Lakini saa saba zilizofuata ni kweli, na watu kumi na mmoja ni kweli, na naomba kosa langu lisihesabiwe kwa meli."

Kamanda Goycolea alifumba macho. Admirali aliinuka, akatembea hadi jukwaani, viatu vyake vinagonga mbao.

"Serahangi," alisema, "nani alipaswa kupiga zile filimbi mbili upande wetu?"

"Sijui, mkuu."

"Mimi." Aligeuka kuwatazama watu. "Ilikuwa kazi yangu kuhakikisha kila mtu amejificha, kisha nipige filimbi. Lakini tulikuwa na siku tisa tunakula biskuti ngumu, na upepo ulikuwa unatoka kwenu. Nilisikia harufu ya mkate. Nikatoka kwenda kuuchungulia, filimbi imening'inia shingoni, nimeisahau kabisa! Nilipoulizwa kuhusu kofia, unafikiri nilisema nini?"

"Upepo, mkuu?"

"Upepo."

Aliyeanza kucheka ni Nolfa, na cheko la Nolfa halina breki. Likafuata gati zima, wake, watoto, wapuliza tarumbeta, hata Goycolea alilazimika kushika nguzo. Admirali alisubiri, naye mashavu yakimcheza.

"Miezi miwili uliyobakiza utaitumia kuwafundisha warushaji wapya sheria ya filimbi," alisema. "Nami nitakuja somo la kwanza, nikae na wanafunzi. Ama kuhusu tendo: meli hii iliokoa watu kumi na mmoja, na pongezi zote tukachukua sisi. Jina linarithiwa. Meli inayokuja ni Huillinco."

Kelele iliyopigwa ilisikika hadi sokoni. Nahuelcura alimbeba Eleodoro mabegani, akamwangusha, akambeba tena.

Bendera ilipokwisha kuteremshwa, mafundi walifungua herufi za shaba zilizokuwa nyuma ya meli, tisa kwa jumla. Zilitakiwa zipelekwe na lori pamoja na vyuma vingine. Hakuna aliyelingoja lori. Watu tisa walizibeba mikononi kuelekea ghalani, na bendi, bila amri ya mtu, ikaanza kupiga cueca, ngoma ya kucheza na leso. Hawakujipanga hata kidogo. O ilitangulia, L moja ilikimbia mbele, nyingine ilibaki nyuma ikila empanada. Ukiwasoma kwa mfuatano hupati neno la lugha yoyote. Herminda aliitwaa N kutoka kwa Goycolea, akainua leso kwa mkono wa pili, akaicheza cueca.

Eleodoro alibeba H, nzito, ya baridi, imelowa chumvi ya miaka thelathini na mitano. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mlangoni mwa ghala karani alifungua daftari, akauliza vyuma hivi chakavu aviandike ni vya meli ipi.

"Chakavu nani?" Eleodoro alisema. "Andika ni vya meli iliyoko njiani. Inafika Machi."