Sauti Inayochelewa

Mume wangu Gervasi hajui kuimba, na kwa miaka mingi nilimcheka kwa hilo. Kila Jumamosi asubuhi klabu yetu ya Gitega inapokimbia, mimi ndiye mtoa wimbo. Naita, watu arobaini wananijibu kwa pamoja, na wakishamaliza ndipo yeye anamalizia peke yake, "eee" nene iliyochelewa kwa hatua nzima. Wenzetu humtania kwamba sauti yake inakuja kwa miguu kutoka Bugendana. Nilicheka nao mpaka mwezi wa tatu, siku aliyoishiwa nguvu kazini, akaanguka na mwiko wa kujengea mkononi.

Daktari alisema moyo umetanuka. Nilitegemea atamkataza mbio kabisa, nami ningeshukuru, lakini akasema anaweza kukimbia taratibu. "Maadamu anaimba, akimbie. Siku pumzi ikikataa wimbo, akae chini hapohapo." Tulipotoka nje Gervasi akaniambia nikimweleza mtu yeyote, yeye na mimi hatutaongea tena. Nani atampa kazi ya kupanda ukutani mwashi mwenye moyo mbovu? Nikaapa, kwa ujinga wangu.

Tangu siku ile sikukimbia tena kwa raha. Mwenye wimbo ndiye mwenye mwendo: ukiita wa haraka miguu inafuata, ukiita mzito miguu inatulia. Nikawa naita nyimbo nzito tu, halafu nasubiri. "Eee." Yupo. Naita tena. "Eee." Bado yupo. Kapteni wetu, Egidius, akaanza kunung'unika kwamba siku hizi tunakimbia kama watu wanaosindikiza maiti. Hakujua alivyonichoma.

Kugeuka nyuma hakuruhusiwi, na sheria hiyo niliiweka mwenyewe. Mabega chini, ngumi zilegee, kifua wazi, macho mbele. Wa mbele akigeuza shingo mwili unapinda, hatua inakatika, wa nyuma wanamvaa, mstari wote unavurugika. Nimewafokea watu wazima na heshima zao kwa kosa hilo. Kwa hiyo mume wangu sikuwa namwona. Nilikuwa na masikio tu.

Ndipo klabu ya Muyinga ikatualika. Mkuu wao, fundi cherehani aitwaye Uthmani, alipanga kilomita ishirini: kumi kwenda kwa barabara ya mpakani Kobero, kumi kurudi. Desturi ni kwamba mwenyeji anatoa wimbo wakati wa kwenda, mgeni anatoa wakati wa kurudi. Kilomita kumi, mwendo si wangu! Nilimwomba Gervasi abaki nyumbani.

"Nibaki nifanye nini?" akasema. "Niote jua?"

Mtoa wimbo wao alikuwa Swabra, binti wa Uthmani, mwembamba, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya kilima. Kwa heshima ya ugeni walinipanga kando yake, mstari wa mbele kabisa. Gervasi alikuwa mstari wa sita. Binti akaanza kwa kasi ambayo hata mimi ilinishtua.

"Gitega mupo?"

"Tupo, tupo, eee!"

Na nyuma yao, imechelewa: "Eee."

Kilomita ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila jibu nilikuwa nalipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga, kwa mikono miwili. Lori lililotoka mpakani likapita likipiga honi, nikakosa jibu moja. Nikamwambia Swabra kwa sauti ya chini apunguze. Akacheka.

"Bon, mama, hapa kuko muteremuko tu! Mulima ndiyo iko mbele."

Mlima ukaja. Swabra hakupunguza kitu.

"Gitega mupo?"

"Tupo, tupo, eee!"

Nikasubiri. Hakuna.

Nikajiambia labda amekohoa. Binti akaita tena, wakajibu, nikasubiri hatua moja, mbili, tatu. Hakuna. Niliogopa kugeuka kwa sababu ya nitakachokiona, na niliona aibu kugeuka kwa sababu ya wenyeji, na nilikasirika kwamba aibu ilikuwa na nafasi kifuani mwangu wakati ule. Akaita mara ya tatu. Hakuna.

Nikageuka. Wa mstari wa pili wakanivaa, mtu akanikanyaga kisigino, nikapenya katikati yao mpaka nikamfikia. Wengine wakichoka hujikunja. Gervasi akizidiwa hunyooka. Alikuwa wima kama ukuta alioupima kwa timazi, kifua wazi, mabega chini, kila kitu kama ninavyofundisha, na midomo yake imefungwa, rangi ya majivu.

"Kaa chini," nikamwambia.

"Rudi," akasema. Akavuta pumzi. "Mbele."

Maneno mawili, na katikati yake pumzi nzima. Hapo kiapo kikaisha. Nilipiga kelele nikasikika mpaka mwisho wa mstari: "Simameni! Mume wangu ana ugonjwa wa moyo!"

Walisimama wote. Uthmani alimshika kwapani, tukamkalisha kwenye nyasi chini ya mikaratusi, Egidius akamfungua viatu. Dereva mmoja wa lori akapunguza mwendo, akatoa kichwa nje kututazama.

"Mama Adventina, kumbe bwana yako iko mugonjwa?" Uthmani akaniuliza. "Mais, mbona hamukutuambia?"

Swabra alikuwa analia. "Mi nilikuwa namuangalia, naona anakimbia muzuri kushinda wote. Amenyooka!"

Egidius hakunitazama. "Na mimi nilivyokusema kila wiki," akasema polepole.

Gari dogo lililobeba maji ya kunywa likaletwa, limwahishe hospitali mjini. Wimbo wa kurudi ulikuwa haki yangu, nikamwachia Swabra, nikapanda kando ya Gervasi. Kwenye usukani alikuwa kijana wa Muyinga, Ilyasi.

Kilomita nzima Gervasi hakunigeukia. Alitazama dirishani.

"Kifua kinakuuma?"

Kimya.

"Gervasi, unanisikia?"

Kimya. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi, akauondoa. Aliahidi hataniongelesha, na yeye ni mtu wa ahadi. Sasa nilikuwa nimekaa ubavuni pake, namwona kwa macho yangu mawili, na sikujua kama kilichomfunga mdomo ni hasira au ni pumzi. Afadhali kule mbele, nilikuwa na "eee" yangu.

"Imba kidogo," nikamsihi. "Hata vibaya."

Ilyasi akazima redio. Nyumba za kwanza za mji zilikuwa zimeanza kuonekana.

Ndipo Gervasi akafungua mdomo. "Miaka ishirini na miwili nimekaa na wewe Imelda nikakuomba jambo moja, moja tu, na wewe umeniaibisha mbele ya Gitega na Muyinga mpaka madereva wa malori wananitazama nimekalishwa kwenye nyasi, sasa Jumatatu nani ataniita kwenye ujenzi, Egidius? Egidius ambaye mdomo wake haujafungwa tangu azaliwe, kesho mpaka Makebuko kote watajua..."

Mengine sikuyasikia. Nilikuwa nasikiliza pumzi chini ya maneno. Hakukatika. Alipofika kwenye kumsema mama yangu na ukoo wetu wote ndipo alipovuta pumzi, moja, ndefu, akaendelea.

Machozi yakanitoka. Akanyamaza.

"Sasa unalia nini?"

Nikamshika mkono tena, na safari hii sikumwachia.

"Endelea kunigombeza, Baba Adventina. Usinyamaze."