Kiatu cha Kushoto cha Kocha

Kama kuna mtu aliyewahi kukaa na Mzinga dakika tano bila kusimuliwa bao lake la fainali, basi mtu huyo alikuwa amelala. Mkewe, fundi cherehani, alilijua bao hilo kiasi kwamba hata akiwa na pini mdomoni angeweza kulimalizia: "Ukamtoka beki, ukafumua kwa kushoto, nyavu zikatikisika. Haya, sogeza mguu, umenikanyagia uzi."

Miaka kumi na miwili Mzinga alicheza mpira wa kulipwa. Goti lilipogoma, akapata kazi ya kufundisha timu ya wasichana katika shule ya sekondari. Kazi aliijua, tena sana. Tatizo ni kwamba kichwa chake kilikuwa kimestaafu, ila mguu wa kushoto haukupewa taarifa. Muhula uliopita, mpira ulipita karibu naye kando ya mstari, na kabla hajajijua akawa ameshaufumua wavuni. Bao safi, jamani, hata wapinzani walipiga makofi! Mwamuzi akalikataa, timu ikanyang'anywa pointi, na Mzinga akaonyeshwa kadi nyekundu akiwa bado anashangilia.

Mkuu wa shule, mama mpole asiyepandisha sauti hata kidogo, alimwita ofisini.

"Mwalimu, ukirudia nitatafuta kocha mwingine. Sitanii."

"Sirudii, mama."

"Na huo mguu nao umeahidi?"

Mzinga akautazama mguu, akauvuta chini ya kiti. Aliogopa kweli. Kazi hii aliipenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu, na bila hawa wasichana angebaki nyumbani akiisimulia cherehani.

Siku ya fainali ya mashindano ya shule, nahodha wa timu akamjia amenyoosha mkono. Binti mfupi, lakini mdomo wake ulikuwa hauna breki.

"Mwalimu, mkuu anasema umpe kiatu cha kushoto."

"Kiatu changu? Cha nini?"

"Tunakupenda, mwalimu. Ila mguu wako hatuuamini."

Basi kocha mzima akasimama kando ya uwanja na kiatu kimoja, upande wa pili soksi yenye tundu kwenye kidole gumba, mbele ya wazazi wote. Kiatu chenyewe kilikuwa jukwaani, mapajani mwa mkuu wa shule, kimetulia juu ya mkoba wake.

Dakika za lala salama zikafika, bado bila kwa bila. Kipa wa wapinzani akatoka mpaka pembeni kuuwahi mpira, akateleza, akaanguka chali. Mpira ukamponyoka, ukaja taratibu ukifuata mstari, mpaka pale aliposimama Mzinga. Goli tupu! Mguu wa kushoto ukainuka wenyewe, ukaenda nyuma kujiandaa. Jukwaani, mkuu wa shule akakikumbatia kiatu.

Upepo ukapita kwenye tundu la soksi. Kidole gumba kikapata baridi, na Mzinga akapata akili. Akalikamata paja lake kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mbuzi, akapiga kelele mpaka sauti ikakwaruza: "Wako, nahodha! Wako huo, mwanangu!"

Nahodha akaja mbio, akaupiga kwa ncha ya kiatu, upigaji uleule aliokatazwa muhula mzima. Mpira ukadunda, ukayumba, ukagonga mlingoti, ukajikokota ndani. Mzinga hakuwahi kuona bao baya kama lile, na alilia. Wala hakujificha. Alilia huku akirukaruka kwa mguu mmoja, nje ya mstari.

Jioni alimkuta mkewe anashona sare.

"Mama, nina bao la kukusimulia."

Mkewe akashusha pumzi, akaendelea kukanyaga cherehani. "Ukamtoka beki, ukafumua kwa kushoto..."

"Siyo hilo."

Cherehani ikasimama. "Lipi tena?"

"La nahodha wangu. Mimi sikuugusa mpira. Niliuacha, mke wangu. Niliuacha upite!"

Mkewe akamtazama usoni, kisha akatema pini zote kiganjani, akamvutia stuli. "Kaa," akasema. "Anza mwanzo, tena usiruke kitu."