Yadi Hamsini Hewani

Lavelle Pettway, mrushaji mweusi wa timu ya chuo katika futiboli ya Kimarekani, alijua kwamba wakifungwa leo, Jumatatu atahamishiwa kwa mabeki, walinzi wa nyuma. Kocha Trimble, mzungu, alimwambia waziwazi mbele ya wenzake: "Una miguu, kijana. Kurusha mpira ni kazi ya kichwa." Maneno hayohayo baba yake aliambiwa, na ami zake wawili, katika vyuo vya Alabama hii hii. Wote watatu walikuwa warushaji hodari shuleni. Wote watatu walimalizia ujana wao kwenye ulinzi. Akina Pettway hawakusahau, na kwa nini wasahau?

Ilikuwa robo ya nne, ya mwisho, na walikuwa nyuma kwa pointi nne. Kocha alituma agizo lilelile kila mara: mpe Rudd mpira, apenye nao katikati. Rudd akagonga ukuta wa walinzi mchana kutwa. Wapinzani walirundika watu tisa mbele, maana nani amwogope mrushaji aliyekatazwa kurusha?

"Pettway!" beki wao akamcheka. "Huo mkono umeuazima wapi? Mbona huutumii?"

Mchezaji wa akiba akaja mbio na agizo. "Kocha anasema Rudd, katikati."

"Tena?" Rudd akatema nyasi. "Jamani, mbavu zangu hazina akiba!"

Wakajipanga. Lavelle akawatazama wale tisa, akapaza sauti: "Bluu! Bluu!" Wenzake wakajua agizo limebadilishwa: sasa ni kurusha. Akarudi hatua saba, akauachia mpira yadi hamsini hewani. Tolliver, mkimbiaji wa pembeni, akaugusa kwa ncha za vidole, ukamponyoka. Uwanja mzima ukazomea.

"Rudia hivyo nikutoe!" kocha akafoka.

Lavelle hakugeuka. Alikuwa akiwatazama mabeki. Watatu walikuwa wamerudi nyuma kabisa wakihofia mpira mwingine wa mbali, yule aliyemcheka akiwa mmoja wao.

"Rudd, katikati pako wazi," akanong'ona. Rudd akapenya yadi ishirini na mbili kabla hajaguswa.

Wapinzani wakaanza kusogea mbele tena. Lavelle akawakusanya wenzake. "Nikiita bluu, msinisikilize. Mpira ni wa Rudd."

"Bluu! Bluu!" Mabeki wakatimka kurudi nyuma. Rudd akaingia na mpira hadi mwisho wa uwanja, pointi sita.

Baada ya ushindi, kocha akamfuata. "Umevunja amri yangu."

"Ndiyo, kocha."

"Jumatatu tutaona utakaa wapi."

"Kwa warushaji. Ukiniandika kwa mabeki, hiyo jezi ataivaa mwingine."

Lavelle akabaki amesimama palepale, kofia ngumu mkononi, mpaka kocha akawa wa kwanza kuondoka.