Bwana Stoo Asiyeteuliwa

Karani wa ofisi ya leseni alikuwa mtu mwenye akili nyingi, na hilo yeye alilijua kuliko mtu mwingine yeyote. Miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya dirisha namba nne akigonga mihuri, na katika muda wote huo hakuwahi kukosea, ukiacha yale makosa ambayo baadaye ilibainika kuwa ni ya wateja. Mkewe alikuwa fundi cherehani aliyeshonea sebuleni, karibu na dirisha apate mwanga. Kwa maoni ya Karani, mke huyo alikuwa na kasoro moja tu: aliogopa kesho.

Kila Jumamosi alipokwenda sokoni alirudi na kitu kimoja cha ziada. Wiki hii nusu kilo ya maharage, wiki ijayo mche wa sabuni, wiki nyingine chumvi. Kimoja tu, kile ambacho mfuko ungekibeba bila kulalamika. Madumu yaliyoisha mafuta ya kupikia hakuyatupa. Aliyatikisa kwa mchanga na sabuni mpaka yakaacha kuteleza, akayajaza maji na kubandika tarehe kwenye kila moja. Maji yakikaa sana aliyafulia nguo, kisha akajaza mengine. Maharage ya zamani yalipikwa kwanza, mapya yakasubiri zamu. Chumba alichokuwa akilala binti yao kabla ya kuolewa kikageuka stoo.

Karani alishukuru, maana ofisini mazungumzo yalikuwa yameadimika. Akawa anawasimulia wenzake habari za Waziri wa Maafa anayelala na maharage chumba cha pili, ambaye siku adui akivamia mji atampiga miche ya sabuni mpaka asalimu amri. Wenzake walicheka wakashika mbavu. Nyumbani, mkewe alipojaribu kumweleza jambo lolote la stoo ile, Karani alijibu, "Sawasawa, Mheshimiwa Waziri," bila kuinua macho kwenye gazeti. Alielezwa mengi kwa njia hiyo, na yote yalipita sikio hili yakatokea lile.

Mwaka huo mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika. Siku ya tano mto ukabeba daraja, na pamoja na daraja ukabeba bomba kubwa la maji lililofungwa ubavuni mwake. Malori ya bidhaa yakabaki ng'ambo. Redioni wakuu walitangaza kwamba hakuna sababu ya wasiwasi, na watu waliposikia hivyo wakakimbilia madukani. Hadi alasiri duka la mtaani lilikuwa limebakiwa na rangi ya viatu na kadi za mialiko ya harusi.

Karani alirudi nyumbani mapema. Akaingia stoo kwa mara ya kwanza tangu binti yao aolewe, akasimama kati ya madumu na ndoo za maharage, akahisi moyoni mapenzi ya ghafla kwa jambo la kujiandaa. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshakuwa bwana stoo. Hakuna aliyemteua, lakini mtu mwenye uzoefu wa mihuri hasubiri kuteuliwa. Alitoa kufuli la baiskeli, akafunga mlango, akaning'iniza ufunguo shingoni.

"Tumejiandaa," alimwambia mkewe, na ile "tu" aliitamka kwa kifua kipana.

Mkewe aliinua mguu kwenye pedali ya cherehani. "Ulipokuwa unayacheka, maharage yalikuwa yangu. Leo yamekuwa yetu?"

Karani alimweleza kwa upole kwamba huu haukuwa wakati wa kugawanyika.

Siku iliyofuata mkewe alitoka kwenda kwa muuguzi mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwao. Muda si mrefu baadaye ikasikika hodi. Alikuwa mwoka mikate, mjane wa upande wa pili wa njia, amekuja na bakuli na dumu tupu.

"Shemeji, nimefuata maharage na maji," alisema, kama mtu anayechukua kitu chake.

Karani akatoa tabasamu lile la dirisha namba nne. Akamfahamisha kwamba anasikitika sana, lakini kila nyumba ilipewa muda uleule wa kujiandaa, na waliochezea muda wao wasitegemee jasho la wengine. Mwisho akamwongezea methali: mchuma janga hula na wa kwao. Aliitoa bila kuipima.

Mama yule alichungulia ndani. "Mkeo yupo?"

"Mimi ndiye msimamizi."

"Haya, msimamizi. Kaa na maharage yako."

Mkewe aliporudi, Karani alimpa taarifa kwa fahari ya mlinzi aliyekamata mwizi. Mkewe akavuta kiti, akakaa.

"Umemfukuza mwenye mkaa," alisema.

Ndipo Karani akaelezwa kwa mara ya nne, na safari hii akasikia. Mkewe, yule mwoka mikate na muuguzi mstaafu walikuwa na umoja wao wa akiba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na uwezo wa kununua kila kitu, wala nyumba ya kukiweka, kwa hiyo waligawana. Kwa mkewe maharage, chumvi, sabuni na maji. Kwa mwoka mikate unga na mkaa, kwa sababu ana banda kavu lenye tanuri. Kwa muuguzi dawa, mishumaa na viberiti. Mara ya mwisho alipomweleza mumewe hayo, mumewe alimpigia saluti.

Karani alisema, kwa sauti iliyopungua kidogo, kwamba gesi bado ipo. Mtungi ulikuwa umeisha tangu juzi. Akatafuta kuni, kuni zote za mtaa zilikuwa zimelowa chepechepe. Akatoa magazeti yake ya mwaka mzima, akayachoma moja moja chini ya sufuria, habari kwa habari, mpaka nyumba nzima ikajaa moshi. Maji yakapata uvuguvugu wa kunawia uso. Akaonja harage moja, likamtoa kipande cha jino. Mkewe hakumkataza lolote katika hayo. Alikuwa anapindia suruali ya mtu.

"Nenda ukamwombe radhi," alimwambia alipomaliza upindo. "Mimi sikumfukuza mtu."

Kesho yake Karani alibeba madumu mawili, akavuka njia matope yakimfika vifundoni. Bandani tanuri lilikuwa linawaka, na harufu ya mkate ilimpiga kabla hajafika mlangoni. Njiani alikuwa ameandaa maneno. "Kufuatia sintofahamu iliyojitokeza jana," alianza, "ningependa kuchukua fursa hii..."

"Shemeji," alisema mwoka mikate bila kuacha kukanda, "zungumza kama mtu."

Karani akaweka madumu chini. Alijikuta hajui mikono aiweke wapi. "Nimekosa," alisema. "Nilijifanya mwenye mali, na mali si yangu."

Mama alimwacha asimame mpaka donge la unga likalainika. Kisha akamwambia kwamba unga wa siku moja unakunywa madumu mawili, chemchemi iko bondeni, na mabega anayaona yapo.

Siku tisa Karani alipanda na kushuka bonde lile. Ofisi ilikuwa imefungwa, kwa hiyo taifa halikupata hasara. Maji yalichemshwa, mikate ikaokwa, maharage yakaiva, na jioni nyumba tatu zilikula pamoja kwenye banda. Majirani wenye watoto wadogo walipelekewa chao. Kufuli alilirudisha kwenye baiskeli bila kuambiwa.

Daraja la muda lilipowekwa na malori yakaingia, watu walinunua sukari kana kwamba itapigwa marufuku. Wanawake wale watatu walikaa kupanga upya: chumvi ilipungua, sabuni ilizidi, kuni kavu hakuna aliyezifikiria. Karani aliomba aingie kwenye umoja wao. Walimtoa nje wakamjadili, naye akasubiri kwenye benchi kama wanavyosubiri wateja wa leseni. Uamuzi ulikuwa kwamba amekubaliwa kwa majaribio, akabidhiwe kuni.

Jumamosi ya kwanza alikwenda kwa seremala, akafunga mzigo wa vipande vya mbao vilivyobaki, akajitwika kichwani. Njiani akakutana na mwenzake wa dirisha namba tano, aliyemuuliza kwa kicheko kama naye sasa ameanza kuogopa kesho.

"Kuni zimebaki nyingi kwa seremala," Karani alimjibu, akishikilia mzigo usimwangukie. "Wahi kabla hajazichoma."